Istilahi na Uhai wa Jumuiya ya Wanaafya Mwanza

Jumuiya ya wataalamu wa afya ya jamii haidumishwi na fedha za utafiti pekee. Hudumishwa pia na lugha inayowaunganisha. Mwanza ni kielelezo. Utafiti ulioanza huko mwaka 1991, kwa ushirikiano wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na wataalamu kutoka London, ulibainisha kwamba kuimarisha tiba ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya na zahanati kulipunguza maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI kwa takriban asilimia 40. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika The Lancet, kwa Kiingereza.

Kilichopungua ni maambukizi mapya, wala si idadi ya waliokwisha kuambukizwa. Lakini neno “maambukizi” likiachwa peke yake hubeba dhana zote mbili. Mganga wa zahanati ya ufukweni asiyetofautishiwa dhana hizo hawezi kuyapima matokeo ya kazi yake mwenyewe. Hivyo, wanaisimu hawana budi kushirikiana na watafiti katika kusanifisha istilahi hizo. Vinginevyo, jumuiya hiyo itabaki ya wachache wanaosomana wao kwa wao.