Mawakili, anzeni na kifungu cha 142

Wandugu wa Makiso, Mangobo, Kabondo na Lubunga,

Tarehe 23 Oktoba 2024, ni hapa kwetu Kisangani Rais alitangaza kwamba tume itaundwa mwaka 2025 ili kuandika Katiba mpya. Tangu siku ile watu wanabishana juu ya kifungu cha 220, kile kinachofunga idadi na muda wa manda za rais. Tutakilinda, hilo halina mjadala. Lakini muulize mwendesha toleka kama alishakisoma. Atakisoma wapi, na kwa lugha gani?

Kifungu cha 142 kinasema wazi: kila sheria, serikali inapaswa kuisambaza kwa Kifaransa na kwa lugha zote 4 za taifa, ndani ya siku 60 tangu itangazwe na Rais. Nani kati yenu alishapata hata moja kwa Kiswahili?

Njo maana tunawageukia mawakili. Barreau inaongozwa na sheria ya 1979, ya wakati wa Mobutu. Wakidai irekebishwe, haki yao. Ila utetezi usiishie kwenye kanzu zao. Batonie wa taifa na wa Tshopo wadai kwanza 142 itekelezwe. Wakipuuzwa, waende mahakamani, kushitaki ni kazi yao.

Kifungu cha 218 kinaruhusu raia 100.000 kupendekeza marekebisho ya Katiba. Utatia sahihi gani kwa kitu usichokielewa?

Sisi tuko na lisansi, kazi hatuna. Kutafsiri tutatafsiri, bure. Mawakili watusahihishie tu maneno ya sheria.