Dhiki, Faraja na Marahaba

Majumbani mwetu husemwa sana kuwa baada ya dhiki faraja, na aghalabu huambiwa mgonjwa au aliyefilisika. Wachache hukumbuka kwamba asili ya msemo huu ni nafasi. Dhiki ni neno la Kiarabu lenye maana ya ufinyu, mahali pasipo pa kugeukia. Faraja nayo yatokana na mzizi wenye maana ya mwanya, kitu kilichobana kikaachana.

Kwa ndugu zetu wa Karagita, kando ya Ziwa Naivasha, maana hiyo ya kwanza haihitaji kamusi. Wengi wa wakaao pale huajiriwa katika mashamba ya maua, na makazi yao ni safu za vyumba vya kupanga, mara nyingi chumba kimoja kwa jamaa nzima. Pazia hutenga kitanda na jiko. Mama atakaye kusali hungoja watoto wamalize kula ndipo apate pa kutandika msala. Hatupendezwi na wanaomwambia mama huyo asubiri tu. Ufinyu wake una sababu, kodi na ujira, na subira haikuwekwa iwe ngao ya mwenye nyumba.

Lakini upo ufinyu usiopimwa kwa futi. Sura ya Tawba, aya ya 118, yawataja watu watatu waliobaki nyuma katika safari ya Tabuk, mmoja wao Kaab bin Malik. Waislamu walikatazwa kusema nao, na kwa siku 50 ardhi, kwa upana wake wote, ikawa dhiki kwao. Madina haikupungua hata shubiri. Kilichopungua ni salamu.

Na neno la upana katika aya hiyo lina mzizi mmoja na marahaba yetu. Mtoto akitoa shikamoo, mkubwa humjibu kwa neno ambalo asili yake ni kumkaribisha mtu mahali papana. (Siku hizi twalijibu macho yakiwa kwenye simu, ila hilo lina siku yake.)

Sura ya Mujadila, aya ya 11, yawaagiza walio kikaoni wafanyiane nafasi, nao wameahidiwa nafasi kwa Mola wao. Kule Karagita mgeni akibisha hodi, watoto hupanda kitandani, ndoo husukumwa uvunguni, na kiti kilichopo huwa chake.