UJUZI HAUZEEKI

TANGU mwaka 2003 mashindano ya magari ya kale yajulikanayo kama East African Safari Classic yamekuwa yakifanyika katika nchi jirani ya Kenya, na mara kadhaa njia yake imevuka mpaka na kufika Arusha. Wananchi waishio chini ya Mlima Meru hujipanga kando ya barabara, hushangilia, kisha vumbi hutulia na wageni huenda zao. Ni maoni yetu kwamba ugeni wa namna hiyo ungeweza kutuachia faida kubwa kuliko vumbi.

Mashindano haya ni mtoto wa Safari ya mwaka 1953, iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yanayoshindana sasa ni ya enzi ile: Datsun 240Z, kama lile alilolishindia Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka 1973, Ford Escort, lililompa ushindi Hannu Mikkola wa Finland mwaka 1972, na Porsche 911, ambalo katika Safari ya zamani halikupata kushinda hata mara moja.

Habari ya Porsche hiyo ina mafunzo. Gari la michezo lililoundwa kwa barabara laini za Ulaya haliwezi kustahimili mawe na udongo mweusi wa Afrika Mashariki bila ya kubadilishwa. Katika Safari ya mwaka 1978 mafundi walilinyanyua hata likawa juu ya ardhi kwa sentimita 28, wakalifunga bamba la kukinga injini, wakaimarisha springi na shokapu. Magari ya leo hutengenezwa vivyo hivyo: maungio ya bodi huchomelewa upya, na ndani hujengwa kizimba cha mabomba ya chuma ili gari likipinduka dereva asalimike. Injini nayo hurekebishwa, kwani hewa ya Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu ya bahari, ni nyepesi kuliko ya pwani. Vumbi la majivu ya volkano ya Meru, laini kama unga, huhitaji vichujio madhubuti.

Björn Waldegård wa Sweden alishika nafasi ya pili katika Porsche mwaka 1974, nyuma ya Joginder Singh wa Kenya, na nafasi ya nne mwaka 1978. Mwaka 2011, akiwa ametimiza miaka 68, alishinda Safari Classic katika Porsche 911, mwanawe akiwa msaidizi wake ndani ya gari. Wahenga hawakukosea waliposema ujuzi hauzeeki.

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wanaweza kuuliza: jambo hili la bara latuhusu nini sisi watu wa visiwani? Latuhusu sana. Fundi wa Nungwi anapotoa ubao uliooza katika jahazi na kutia mpya, akaziba maungio kwa pamba na mafuta, kazi yake ni ileile ya fundi wa gari la kale. Jahazi hudumu kwa kuwa linatumika, na hutumika kwa kuwa yupo ajuaye kulitengeneza. Mahali ambapo matengenezo huchelewa, hasara yake tunaijua. Sehemu ya Beit al Ajaib ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu.

Arusha haina upungufu wa mafundi. Katika gereji zake magari ya Land Cruiser hukatwa, hurefushwa na kuwekewa mapaa yanayofunguka, ili watalii wapate kutazama wanyama. Vijana wanaofanya kazi hiyo wanajua kuchomelea chasisi na kuimarisha springi. Hata hivyo, mashindano yanapopita, timu nyingi kutoka ng'ambo huja na mafundi wao na spea zao, na kijana wetu husimama nje ya kamba akitazama. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa hakukaribishwa jikoni.

Kwa hiyo tunazishauri Serikali zetu mbili mambo matatu. Kwanza, kila mashindano ya aina hii yanapoombewa kibali cha kuingia nchini, liwemo sharti la kuwapokea wanafunzi wa ufundi katika timu, wakashika spana badala ya kuwa watazamaji. Chuo cha Ufundi Arusha, vyuo vya VETA, na Taasisi ya Karume ya Zanzibar vipewe nafasi kwa haki, ili kijana wa Mkokotoni naye asiachwe.

Pili, usalama wa wananchi utangulie. Safari ya zamani ilikimbizwa katika barabara zilizokuwa wazi kwa kila mtu, na hali hiyo haivumiliki tena. Watu wa Oldonyo Sambu, Ngarenanyuki na King'ori wana mifugo, na watoto wao huenda shule kwa miguu. Wenyeviti wa vijiji waelezwe mapema siku na saa, na wasikilizwe wanapokataa.

Tatu, ujuzi utakaopatikana uandikwe na kufundishwa kwa Kiswahili, upate kumfaa pia yule atengenezaye daladala na lori.

Hatuombi msamaha wa ushuru kwa matajiri wapendao magari. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari chakavu yanayoingizwa nchini kwa sababu za msingi, na sheria hiyo ibaki. Tunachoomba ni elimu, ambayo haihitaji kutungiwa kodi mpya wala kufutiwa ya zamani.

Arusha ndiyo makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977 na kufufuliwa kwa mkataba uliotiwa saini mjini humo tarehe 30 Novemba 1999. Safari ya 1953 ilivuka mipaka yetu kabla hatujawa na bendera zetu wenyewe. Itakapovuka tena Namanga, wahusika wahakikishe kwamba miongoni mwa watakaoonekana chini ya magari hayo, mikono imejaa grisi, wamo vijana wa Arusha na wa Visiwani.