Lipeni Mwongozaji wa Buyangu, Wacheni Kuomba Punguzo

Nitasema kitu kitakachoudhi wengi wenu. Kama ulikuja Buyangu wikendi, ukalala kwa hema, ukapanda kilima alfajiri, ukaposti ukungu wetu, na hukumlipa mwongozaji wa hapa, basi Msitu wa Kakamega hukuuona. Uliona miti.

Najua vidole vimeshaanza kuwasha. Ngojeni nimalize kwanza.

Kwa wale hawajafika: Buyangu ni upande wa kaskazini wa msitu, ule ulio chini ya KWS, uliotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Isecheno, kule kusini, kuko chini ya KFS. Safari yenyewe ni fupi. Unaachwa kwenye barabara ya Kakamega kwenda Webuye, unaingia geti, unapiga hema kambi ya Udo. Jioni unatembea hadi maporomoko ya Isiukhu. Usiku komba wanalia kama watoto juu ya hema lako. Saa kumi na moja alfajiri unashika tochi, unapanda Kilima cha Buyangu kungoja jua. Saa sita mchana uko Kakamega mjini unakula kuku na ugali. Hakuna barafu, hakuna kamba, hakuna mtu wa kukupima pumzi.

Na hapo ndipo shida inaanzia. Kwa sababu safari ni fupi na kilima si Everest, watu wameamua kwamba mwongozaji ni pambo. Ni kitu cha wazungu. Mkenya ataenda Kilimanjaro, ambako bila mwongozaji aliyesajiliwa hupandi, na atalipa bila kunung'unika. Atasoma kwamba Nepal ilitangaza kuanzia Aprili 1, 2023, mgeni asitembee milimani bila mwongozaji, na ataona ni sheria ya maana. Akifika Buyangu, mwongozaji akitaja bei yake, huyo huyo anasema, "Ai, kaka, si tuongee vizuri, sisi ni watu wa nyumbani."

Watu wa nyumbani! Kwa hoteli hukusema hivyo. Kwa basi hukusema hivyo. Geti ndiyo kabisa, kwa sababu KWS unalipa kwa simu kupitia eCitizen, na eCitizen haina sikio la kusikia kwamba wewe ni wa nyumbani. Hiyo pesa imeingia kwa serikali kabla hujavuka kizuizi. Chakula mmebeba kutoka supamaketi ya Nairobi. Mahema ni ya mwenye safari. Ukihesabu vizuri, pesa ya mwongozaji ni kati ya pesa chache sana za safari yako zinazolala Buyangu. Na ndiyo hiyo unataka ipunguzwe.

Sasa tuongee kuhusu kile unacholipia, kwa sababu naona wengi hamjui. Mnafikiri analipwa kuonyesha njia. Njia utaiona, hata mbuzi huiona.

Unalipia macho. Piri wa Gaboon anaishi humu, na ngozi yake ni majani makavu matupu. Unaweza kusimama hatua mbili kutoka kwake ukijirekodi ukisema "hapa kuna amani." Mwongozaji ndiye anayekushika bega kabla mguu haujatua.

Unalipia masikio. Kwenye msitu huu kuna zaidi ya aina 300 za ndege, na wengi wao wewe hutawaona ng'o, maana wako juu kwenye vilele. Mwongozaji anasikia upepo unakatwakatwa juu ya miti, anakwambia hondohondo wawili wanapita, na kabla hujauliza wapi, wanatokea. Mimi nilizaliwa karibu na huu msitu na bado naachwa mdomo wazi.

Unalipia kumbukumbu. Atasimama kando ya mti wenye gome lililochanika, aseme huu ni mwiritsa. Kisha akupe jina la kisayansi, *Prunus africana*, bila kusoma popote. Akueleze kwamba gome hili huuzwa ng'ambo kutengeneza dawa ya tezi dume, na kwamba mti ukivuliwa gome lote kuzunguka shina, unakufa umesimama. Atakuonyesha mti mwingine ambao umekumbatiwa na mkuyu hadi umekufa ndani ya kumbatio. Atakwambia miti mnayoiona hapa ina ndugu zake Congo, kwamba huu ni ukingo wa mashariki wa msitu ule mkubwa wa Afrika ya Kati, kipande kilichobaki peke yake.

Hayo yote yako kichwani mwa mtu ambaye wewe umemwambia atembee na watu ishirini na tano kwa pesa ya chai.

Mimi nilikuwa nachukua video kwa safari kama hizi. Kuna mwenye safari mmoja, jina nitamwachia yeye na Mungu wake, aliyenipa nafasi ya bure nimtengenezee matangazo. Nilimwona kwa macho yangu akibishana na mwongozaji, mzee wa umri wa babangu, mbele ya wageni, juu ya bei waliyokuwa wamekubaliana kwa simu. Akamalizia na ile laana ya kizazi chetu: "Mzee, tutakutag." Mzee akauliza, "Hiyo tag inanunua unga?" Watu wakacheka. Yeye hakuwa anachekesha.

Tukiwa juu ya kilima, jua linatoka, mzee akaanza kueleza vile ukungu unapanda kutoka bondeni na kwa nini asubuhi ikiwa safi utauona Mlima Elgon kule mbali. Nilirekodi kila neno. Jioni nikaambiwa, "Toa sauti ya huyo mzee, weka muziki, halafu wewe ndiyo uelezee." Yaani maelezo yake, mdomo wangu, pesa ya mwenye safari. Nilikataa. Sikuitwa tena, na sijakufa.

Najua atakayesema: hata huyu anayetufundisha aliacha chuo. Ndiyo, niliacha mwaka wa pili. Kila nikiandika kitu kuna mtu hukimbia hapo chini kuandika "maliza digrii kwanza." Sawa. Lakini hiyo sentensi yako ndiyo inayomfanya mzee alipwe vibaya. Kenya hii, ujuzi usio na cheti unahesabiwa kuwa porojo. Mtu aliyesoma msitu kwa miaka thelathini akitumia miguu yake anaitwa "huyo kijana wa kutuonyesha njia," hata akiwa na mvi.

Angalieni jina la kambi mnayolala. Udo. Imepewa jina la Udo Savalli, mtafiti wa ndege. Simlaumu hata kidogo. Alikuja, akafanya kazi yake, akakumbukwa. Kuanzia 2001 kulikuwa na mradi mkubwa wa watafiti wa Kijerumani, BIOTA, uliochunguza msitu huu kwa miaka. Watafiti wakija, vijana wa hapa ndio hutangulia na panga. Sasa nitajie wewe kambi moja, njia moja, kibao kimoja cha Buyangu chenye jina la mwongozaji. Nangoja.

Halafu mtaniambia ujuzi wa kijijini hauna soko. Muulizeni mwonyi. Huo mmea nyanya zetu waliujua tangu zamani, kwa mafua na kwa mbu. Wakulima wa kikundi cha Muliru, kule upande wa kusini wa msitu, wakaulima, wakakamua mafuta yake, wakatengeneza dawa ya kuchua inayoitwa Naturub. Mwaka 2010 walipewa Tuzo ya Equator ya UNDP. Ujuzi ni ule ule wa nyanya. Kilichobadilika ni kwamba uliingia kwenye kikopo chenye bei, na kikopo hakuna anayekiambia "si tuongee vizuri." Wa mwongozaji hauna kikopo, uko kwenye ulimi, ndiyo maana mnadhani ni wa bure.

Tuvuke hadi Himalaya kidogo, kwa sababu huko ndiko mnapenda kutolea mifano. Mei 2024 Kenya nzima ilimlilia Cheruiyot Kirui, Mkenya mwenzetu aliyefia Everest akijaribu kufika kileleni bila oksijeni ya mtungi. Tulikuwa na haki ya kulia, alikuwa mtu jasiri. Lakini hakuwa peke yake kule juu. Mwongozaji wake, Nawang Sherpa, alikuwa naye, na naye hakurudi nyumbani. Waulize kumi walioposti mshumaa ile wiki wakutajie jina lake. Nitashangaa ukipata wawili.

Na wenyewe walishachoka kusahauliwa. Aprili 18, 2014, barafu iliporomoka pale Khumbu, njia ya kwenda Everest, ikaua Wanepali 16 waliokuwa wakiandaa njia na kubeba mizigo ya wageni. Serikali ikatangaza rupia 40,000 kwa kila familia, kama dola 400. Masherpa wakasema hapana. Wakakataa kupanda, na msimu mzima wa upande ule wa mlima ukafa. Matajiri wa dunia walikuwa na vifaa, vibali na pesa, lakini walirudi nyumbani kwa sababu mtu wa kuwatangulia alikuwa ameketi chini.

Sisemi kilima chetu kinaua kama Everest. Nasema hesabu ni moja. Mlima ni mawe, msitu ni miti, hadi apatikane mtu wa kukupeleka ndani yake.

Nijibu hoja zenu haraka.

"Msitu ni wa Mungu, kwa nini nilipe mtu kutembea?" Samaki pia ni wa Mungu. Mvuvi hukununulia wapi chakula cha watoto wake?

"Simu ina ramani." Ramani itakwambia uko wapi. Haitakwambia kwamba mvua ya Kakamega huja alasiri bila kupiga hodi na ile njia ya mtoni itakuwa utelezi mtupu ukirudi.

"Waongozaji wengine ni wababaishaji." Ni kweli, wapo. Hata mafundi wa magari wababaishaji wapo, na bado gari lako hulipeleki kwa muuza mboga. Uliza getini, tafuta wale wanaojulikana, na ukidanganywa mseme kwa jina lake. Mbabaishaji mmoja si ruhusa ya kuwanyima kumi.

"Maisha ni magumu, hatuna pesa." Hapa nakuelewa, mimi mwenyewe sina. Lakini piga hesabu na mimi. Tuseme basi lina watu 25. Kila mmoja akiongeza shilingi 200 juu ya bei ya safari, hiyo ni 5,000. Waongozaji wawili, kila mmoja anaondoka na 2,500 juu ya malipo yake. Kwako wewe, 200 ni boda kutoka stejini hadi kwa nyumba yako usiku. Kwa kijana wa Buyangu, hiyo ndiyo tofauti kati ya kukaa hapa akijifunza majina ya ndege na kupanda basi la Nairobi kwenda kulinda geti la mtu. Au tofauti na lile jambo ambalo hatupendi kulisema: kuingia kwa msitu usiku na msumeno, kwa sababu mti uliolala chini una bei, na mti uliosimama hauna anayeulipia.

Hapo ndipo hasira yangu inapotoka. Kila Siku ya Mazingira tunaposti miche. Tunavaa fulana za kijani. Lakini mtu ambaye chakula chake kinategemea mti kubaki umesimama, huyo tunambania mia mbili.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayoyataka, na si mengi. Wenye safari, andikeni kwenye tangazo lenu jina la mwongozaji na malipo yake, kama mnavyoandika supu na chapati. Mlipeni kabla ya kuanza kutembea, si baada ya picha. Wageni, kabla ya kutuma pesa, ulizeni swali moja tu: "Mwongozaji wa Buyangu ni nani, na mnamlipa ngapi?" Mkijibiwa kwa kukwepakwepa, wekeni pesa yenu mfukoni. Na sisi tunaoshika kamera, tuache kuiba sauti za wazee. Muziki utaweka ukiwa umeshampa dakika yake aongee, na jina lake liandikwe kwa herufi kubwa kama zile unazoandikia lako.

Mwenye safari atakayesoma hii akaona nimemharibia biashara, ukurasa uko wazi. Njoo hapo chini, utuambie wikendi iliyopita ulimlipa ngapi. Wasomaji wangu wanajua kuhesabu.