Dawa ya Babu na Ipimwe

Msomaji, bila shaka umepata kusikia barazani au sokoni maneno haya: "Dawa hii waliitumia babu zetu; haina haja ya kupimwa." Husemwa kwa sauti ya heshima, na msikilizaji huona haya kuyapinga, kwa maana ni nani apendaye kuitwa mwana aliyeacha asili yake? Mimi nayapinga. Nasema kwamba anenaye hivyo hamheshimu babu hata kidogo, na kwamba katika jambo la malaria maneno hayo ni hatari kwa roho za watoto.

Tazama kwanza ukubwa wa adui. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2023 malaria iliua watu 597,000, na katika kila 100 waliokufa, kiasi cha 95 walikuwa wa Afrika. Walio wengi walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Tena adui huyu ana hila ambayo simba hana: huzoea silaha zetu. Klorokwini, iliyotengenezwa kwanza Ujerumani mwaka 1934, ilikuwa kidonge rahisi ambacho hata duka la kijiji liliweza kukiuza. Mwishoni mwa miaka ya 1950 vijidudu visivyoijali vilionekana Asia ya Kusini-Mashariki na Amerika ya Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 vikafika Afrika ya Mashariki. Kenya ikaiacha dawa hiyo mwaka 1998, ikashika nyingine ya jamii ya salfa. Nayo haikudumu, na mwaka 2004 ikachaguliwa artemetha pamoja na lumefantrini, ambayo ndiyo tunayopewa hospitalini. Sasa dalili za usugu dhidi ya jamii ya artemetha zimekwisha kutangazwa nchini Rwanda mwaka 2020, na kaskazini ya Uganda mwaka 2021. Uganda si mbali. Mbu hana pasi ya kusafiria, wala mtu mwenye vijidudu damuni hazuiwi mpakani.

Kwa hiyo dawa mpya zahitajika, na sina ugomvi na wanaozitafuta msituni. Kwinini ilitoka katika maganda ya mti wa milima ya Amerika ya Kusini, nao Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, waliitenga mwaka 1820. Artemetha yenyewe chimbuko lake ni jani. Hapa nataka nikae kidogo, maana kisa cha jani hili ndicho kiwaumbuacho wapinzani wangu.

Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China iliwakusanya wataalamu watafute dawa ya malaria sugu. Miaka miwili baadaye Bibi Tu Youyou alitiwa katika kazi hiyo. Yeye na wenziwe walipekua vitabu vya kale na kuwahoji waganga, wakachunguza dawa za asili zaidi ya 2,000, wakazijaribu dondoo zake kwa panya waliotiwa malaria. Mmea mmoja, qinghao, ulionyesha nguvu safari moja, ukashindwa safari ya pili. Watu wa "babu walitumia" wangaliuuza hivyo hivyo. Watu wa dharau wangaliutupa jaani. Bibi Tu alirudi kitabuni. Ge Hong, tabibu wa karne ya 4, aliandika kwamba konzi moja ya mmea huo ilowekwe majini, ikamuliwe, na maji yake yanywewe. Mzee hakusema uchemshwe! Yamkini basi moto ndio ulioiharibu dawa. Bibi Tu akaitoa tena kwa etha, ambayo haihitaji joto kali, na mwezi wa Oktoba 1971 dondoo ya 191 ikafuta vijidudu vyote katika panya. Hata hapo hakukimbilia sokoni. Mwaka 1972 yeye na wenziwe waliinywa wao wenyewe ili wajue kama ina madhara, ndipo wakapewa wagonjwa wa kisiwa cha Hainan. Mwaka 2015 alitunukiwa Nishani ya Nobel.

Sasa nakuuliza, msomaji: ni nani aliyemtendea Ge Hong heshima? Je, ni yule aliyemsifu kwa mdomo na kuchemsha majani yake kwa mazoea, au ni yule aliyeyasoma maneno yake kwa makini hata akaona tofauti ya kuloweka na kuchemsha? Heshima isiyouliza swali huyapoteza maarifa yale yale inayodai kuyalinda.

Turudi kwetu. "Mwacha asili ni mtumwa," huniambia watu, hali mkononi wameshika jani la mwarobaini, mti uliotujia kutoka Bara Hindi. Mimi siuchukii mwarobaini kwa ugeni wake, nami nimefurahia kivuli chake kama watu wengine wa pwani. Lakini mti unaosifiwa kwa kuponya magonjwa arobaini wastahili kuulizwa maswali arobaini. Kikombe cha maji yake ni kikubwa kiasi gani? Majani ya masika yana nguvu sawa na ya kiangazi? Mtoto wa mwaka mmoja anywe sawa na baba yake? Mwaka 1981 ilielezwa habari ya watoto wachanga wa Malaysia walionyweshwa mafuta ya mbegu za mti huo huo wakapatwa na sumu iliyodhuru ini na ubongo. Waliowanywesha hawakuwa maadui. Walikuwa wakiwatakia heri.

Na ubaya wa kipimo kidogo hauishii kwa mnywaji. Dawa ikiwa haba damuni, vijidudu dhaifu hufa na vilivyo hodari hubaki. Hivyo hodari huzaana, na mbu huvichukua hata nyumba ya jirani. Hii ndiyo sababu moja iliyolifanya Shirika la Afya Duniani kukataa, mwaka 2019, kukubali chai ya artemisia itumike badala ya vidonge. Wako waliopiga kelele kwamba ni hila za wenye viwanda. Haidhuru, wenye viwanda wana hila zao, nami si wakili wao. Walakini hila ya mfanyabiashara haifanyi kipimo kidogo kuwa kikubwa.

Nisije nikaonekana nawapiga waganga peke yao, nina neno na wataalamu pia. Mwaka 1995 ilichapishwa habari ya mmea wa miiba, Toddalia asiatica, ambao Wapokot wa Kenya huutumia kwa homa. Ndani yake ilipatikana nitidini, nayo chupani iliviua vijidudu sugu vya klorokwini sawasawa na vile visivyo sugu. Habari njema! Lakini miaka imepita zaidi ya 30, na hakuna kidonge cha nitidini cha malaria. Siwalaumu walioifanya kazi ile, maana walifungua mlango. Nalaumu desturi ya kufungua milango mingi bila ya kuingia hata nyumba moja. Majarida yamejaa majani ya Afrika yaliyoshinda chupani. Chupani hata sabuni huua vijidudu! Swali gumu ni kama kitu hicho kitaua kijidudu na kumwacha mwenye damu salama, na jibu lake hupatikana kwa panya kwanza, kisha kwa watu wazima wenye afya waliokubali kwa hiari, kisha kwa wagonjwa wanaolindwa na daktari. Kazi hiyo ni ya miaka na ya gharama, na ndiyo maana wengi hupokea shahada zao mwanzo wa njia wakarudi nyumbani.

Nchini Mali walianza kwa namna nyingine. Watafiti walikwenda majumbani, wakaziuliza jamaa zilizouguliwa karibuni: mlimpa mgonjwa nini, naye alikuwaje baadaye? Katika majibu hayo gugu moja la maua ya manjano, Argemone mexicana, likajitokeza kuliko mimea mingine. Kipimo chake kikatafutwa. Kisha wagonjwa 301 wakagawanywa kwa kura: wengine walipewa maji ya gugu hilo, wengine vidonge vilivyokubaliwa na serikali. Katika siku 28, wagonjwa 89 katika 100 wa kundi la gugu hawakuhitaji dawa nyingine. Wa vidonge walikuwa 95. Basi vidonge vilishinda, na gugu halikuaibika. Kijiji kilicho mbali na zahanati sasa kina neno la kweli la kufanyia shauri, si sifa za muuzaji. Nawe wajua kwamba 89 si 95, wala hutamwacha mtoto mwenye degedege ukamkorogea majani.

Kenya ina Taasisi ya Utafiti wa Tiba tangu mwaka 1979, na ina wataalamu wa kutosha kuifanya kazi ya namna hiyo. Kinachopungua ni fedha, na uaminifu baina ya mtaalamu na mzee mwenye mzizi. Mzee huogopa kuibiwa, na hofu yake si ya kipuuzi, kwa kuwa mali nyingi ya msitu imekwisha kuondoka bila ya mwenyewe kuambiwa asante. Lakini tangu mwaka 2016 iko sheria ya Kenya ya kulinda maarifa ya jadi, inayotaka jamii yenye maarifa itoe idhini kabla ya mtu mwingine kuyatumia, na ipate fungu lake katika faida. Mtaalamu aendaye kijijini akiwa na kisu cha kukatia maganda aende na sheria hiyo pia, amsomee mzee katika lugha yake kifungu kwa kifungu, kisha ndipo amwombe amwonyeshe mti.