MCHAGUA JEMBE

Msomaji kijana, leo nataka kugombana nawe, wala sitakutaka radhi mpaka nimalize. Kosa ninalokushtakia hujalitenda bado. Utalitenda siku utakapochagua chuo na masomo yako, usipojihadhari mapema.

Mimi ni mwalimu, na mambo haya nimeyaona zaidi ya mara moja. Matokeo ya mtihani wa KCSE hutangazwa, nderemo hujaa nyumbani, kisha siku hupita kwa pongezi na matembezi. Siku ya mwisho ya kupeleka maombi, kijana hukimbilia saiba, hupanga foleni nyuma ya wenziwe waliochelewa kama yeye, na akifika mbele humwambia mtumishi wa kompyuta, "Niwekee kozi yoyote nitakayopata." Mtumishi yule hajui kijana hupenda nini wala hushindwa na nini, ana wateja wengi wanaomngoja. Hubonyeza vitufe, hupokea ada yake, na njia ya mtu imekwisha kukatwa kwa muda usiotosha kunywa kikombe cha chai.

Mwanafunzi wangu mmoja aliandikishwa hivyo. Mikono yake ilikuwa hodari wa kufufua redio zilizokufa, lakini alipelekwa kusomea mambo ya biashara, ambayo hakupata kuyapenda hata siku moja. Alidumu muhula mmoja tu. Yeye alirudi nyumbani. Ng'ombe aliyeuzwa kwa ajili ya karo hakurudi. Nami sijitoi katika lawama hiyo, kwa maana nilimfundisha miaka minne kujibu maswali ya mtihani, nisimwulize hata mara moja angependa kufanya kazi gani baada ya mtihani.

Watazame wanafunzi wa Marekani. Huko kuna vyuo vya jumuiya vya miaka miwili. Kikongwe kati ya vile vya umma vinavyoendelea mpaka leo ni Joliet Junior College, katika jimbo la Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1901. Mwanafunzi wa vyuo hivyo, na Wakenya waliovuka bahari wamo, hujichagulia madarasa yake kila muhula, na kila darasa huhesabiwa kwa vipimo, mara nyingi 3. Shahada ya miaka miwili kwa kawaida hudai vipimo 60. Akichukua vipimo 12 kwa muhula, kanuni humhesabu kuwa mwanafunzi wa wakati wote, naye huridhika. Lakini piga hesabu: 12 mara mihula 4 ni 48. Mtu huyo amekwisha kuchelewa siku ile ile ya kujiandikisha, wala hana habari!

Hata hivyo, yeye ana nafuu ambayo wewe huna. Akiona amekosea, huweza kuliacha darasa katika siku za mwanzo na kutwaa jingine. Kwetu masomo huja yamefungwa pamoja kama mzigo wa kuni. Ukichagua kozi, umechagua karibu kila ukuni uliomo. Nafasi ya kuhama ipo, walakini ina masharti, na muda wake ni mfupi. Kwa hiyo mpango wa muhula wako wa kwanza hauanzi chuoni. Huanza ungali umekaa katika dawati hilo ulilokalia sasa.

Tangu Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, kazi ya kuwagawia wanafunzi nafasi za vyuo imekabidhiwa idara iitwayo KUCCPS. Shahada hudai wastani wa C+, stashahada C-, na cheti cha ufundi D. Wengi huishia kusoma hapo. Lakini wastani ni mlango wa nje tu. Ndani mna mlango wa pili, nao ni alama za masomo yanayohusika na kozi yenyewe. Anayetamani uhandisi huku ameipa hisabati na fizikia kisogo anabisha hodi kwenye ukuta. Mlango wa tatu ni kutambuliwa kwa chuo. Vyuo vya ufundi hupaswa kusajiliwa na mamlaka ya TVETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na shule ya uuguzi hupaswa kukubaliwa na Baraza la Wauguzi. Cheti kisichotambuliwa ni karatasi yenye mapambo.

Najua utanijibu nini. Utaniambia, "Mwalimu, mchagua jembe si mkulima." Naam, methali hiyo ni ya kweli, ila umeielewa upande. Humkemea mvivu anayekataa kila jembe ili asilime. Haimkatazi mkulima kuuliza shamba ni la mpunga au la mihogo kabla hajapanda.

Utasema tena kwamba mzazi ndiye alipaye, basi na achague. Mzazi aheshimiwe na asikilizwe, kwa kuwa ameona mengi. Lakini si yeye atakayekaa darasani, wala si yeye atakayeamka miaka thelathini kwenda katika kazi hiyo. Mpelekee sababu zako kwa adabu, wala usimpelekee ukaidi. Na ukisema kwamba chuo cha ufundi ni cha walioshindwa, nitakuuliza ni nani aliyetandaza nyaya za taa unayosomea usiku.

Basi anza sasa. Andika katika daftari kozi tatu unazozitaka, na mbele ya kila moja andika masomo inayoyadai, karo yake, na kazi wanayoifanya waliohitimu. Mtafute mmoja wao umwulize. Siku ya maombi ikifika, nenda saiba ukipenda, lakini nenda na daftari lako, simama karibu na yule mtumishi, na usome kila neno kabla hajabonyeza. Yeye atayasahau majina ya kozi hizo kabla ya jioni. Wewe utaishi nayo.