Hawakuwa yatima: majibu kwa wanaopinga hukumu ya Brussels

Tarehe 2 Desemba 2024, Mahakama ya Rufaa ya Brussels iliitia hatiani serikali ya Ubelgiji kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Walioishtaki ni mama watano waliokwisha kuvuka miaka 70: Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi. Wote walizaliwa Kongo enzi za ukoloni, baba mzungu, mama Mwafrika. Kati ya mwaka 1948 na 1953 wakuu wa koloni waliwatoa mikononi mwa mama zao na kuwapeleka kwa masista wa misheni ya Katende, Kasai. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ametimiza miaka saba. Mahakama iliamuru kila mmoja alipwe yuro 50,000.

Tangu hapo maneno yamekuwa mengi. Baadhi yalitolewa mahakamani na mawakili wa serikali ya Ubelgiji, baadhi husemwa na wazungu wanaoona wazee wao wametukanwa. Yanayoniuma zaidi ni yale yanayotoka vinywani mwa watu wetu wa Kivu, watu ambao wangepaswa kuwa wa kwanza kushangilia. Nayajibu hapa moja baada ya jingine, kwa sababu nimeona uongo ukiachwa bila jibu hugeuka kuwa historia.

La kwanza linasema: watoto wale walitelekezwa na baba zao, na misheni ikawaokoa.

Nusu ya neno hili ni kweli, ndiyo maana linadanganya wengi. Baba wengi waliwakana watoto wao, wakapanda meli wakarudi kwao. Lakini mtoto aliyekimbiwa na baba bado ana mama. Mama hawa watano walikuwa wakilelewa na mama zao, ndani ya familia zilizowalisha na kuwabeba mgongoni, na mahakama imelisema hilo waziwazi. Hata tuchukue kwamba mama mwenyewe alishindwa: kwetu, mtoto asiye na baba ana wajomba, ana bibi, ana ukoo mzima unaomwita kwa jina. Mtu wa Masisi au wa Walikale hahitaji kufundishwa jambo hili na wakili. Ni nani basi aliyeamua kwamba mtoto wa namna hiyo ametelekezwa?

Aliyeamua ni ofisi. Julai 1890 ilitolewa amri ya kuipa dola ya Kongo ya mfalme Leopold II ulezi wa watoto waliokombolewa kutoka misafara ya watumwa, pamoja na yatima na waliotupwa. Mwaka 1892 amri nyingine ikaruhusu misheni kuwapokea. Miaka ikapita, misafara ya watumwa ikaisha, lakini mlango ule ukabaki wazi, na watoto wa rangi mbili wakapitishwa humohumo. Ili mtoto apite ilibidi awe yatima au awe ametupwa, na kama hakuwa hivyo nyumbani, alifanywa hivyo kwenye karatasi. Palipohitajika jina la baba paliandikwa kwamba hajulikani, wakati mwingine na ofisi iliyomjua vizuri sana huyo baba. Familia zilizosita zilitishwa. Huku hakuwezi kuitwa kuokoa, maana anayeokoa mtoto majini humrudisha kwa mama yake.

Na sababu yenyewe haikuwa huruma. Koloni lilisimama juu ya ukuta kati ya mweupe na mweusi, na mtoto wa pande zote mbili alikuwa ushahidi unaotembea kwamba ukuta huo una tundu. Kulikuwa pia na hofu kwamba watoto hao wakikua kijijini, wakijua damu yao na kuona dhuluma, wataongoza uasi. Ndiyo maana majaji wa Brussels walizungumza juu ya mpango maalumu wa kuwatafuta na kuwateka watoto waliozaliwa na mama mweusi na baba mweupe, kwa sababu ya asili yao tu. Walitafutwa kijiji kwa kijiji. Mtoto aliyetupwa hana haja ya kutafutwa hivyo, kwa kuwa yuko njiani na kila mpita njia anamwona.

La pili ni zito, na ndilo lililowashinda mama hawa mara ya kwanza: mambo hayo yalikuwa halali wakati ule, na huwezi kumhukumu mtu wa jana kwa sheria ya leo.

Walifungua kesi mwaka 2020. Mwaka 2021 mahakama ya kwanza ya Brussels iliwakatalia, ikisema kwamba kitendo hicho, pamoja na ubaya wake, hakikuwa kikihesabiwa kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu katika miaka ile. Msomaji makini hawezi kulipuuza hoja hii. Kanuni ya kutomwadhibu mtu kwa kosa ambalo halikuwapo alipotenda inamlinda kila raia, na sisi tulioishi chini ya tawala za mkono wa chuma tunaijua thamani yake.

Lakini tutazame tarehe. Mwezi Agosti 1945 mataifa yaliyoishinda Ujerumani yaliandika mkataba wa mahakama ya Nuremberg, na ndani yake uhalifu dhidi ya ubinadamu ukatajwa: kuua, kufanya watu watumwa, kuwahamisha kwa nguvu, vitendo vingine vya kinyama, na mateso kwa sababu ya siasa, rangi au dini. Mkataba huo unasema hata maneno haya: kosa ni kosa, iwe linavunja sheria ya ndani ya nchi au la. Tarehe 11 Desemba 1946 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizithibitisha kanuni za Nuremberg kwa kauli moja, Ubelgiji ikiwemo. Mtoto wa kwanza kati ya hawa watano alichukuliwa mwaka 1948. Nchi iliyotoka kukaliwa na Wajerumani, iliyodai haki kwa mateso ya watu wake, ilijua vizuri kwamba serikali inaweza kuwa mhalifu huku ikifuata sheria zake yenyewe. Ilijua hivyo Ulaya. Katende ikajifanya haijui. Mahakama ya Rufaa ilikataa kujifanya huko, na kwangu mimi hiyo ndiyo thamani kubwa ya hukumu hii kuliko fedha zote.

Nilinganishe kidogo na Australia, ambako watoto wa wenyeji asilia walinyang'anywa kwa miongo mingi. Bruce Trevorrow alikuwa na miezi 13 alipopelekwa hospitali siku ya Krismasi ya mwaka 1957. Kutoka hospitali akapewa familia nyingine bila wazazi wake kuambiwa. Mwaka 2007 mahakama kuu ya jimbo la Australia Kusini ilimpa dola 525,000 za huko, naye akafariki mwaka uliofuata. Trevorrow alishinda kwa kuwa wakuu walimchukua bila sheria kuwapa uwezo huo, tena baada ya kuonywa na mwanasheria wao wenyewe. Mama wa Katende walikuwa na mlima mrefu zaidi, maana wao walinyakuliwa na watu wenye amri mkononi. Ilibidi majaji waseme kwamba amri yenyewe haiwezi kuwa kinga. Sijui hukumu nyingine nyingi duniani zilizofika hapo kuhusu ukoloni.

Wapo wanaosema: mambo ya miaka 70 yameshapita, tuyaache. Hapa jibu ni fupi. Uhalifu dhidi ya ubinadamu hauozi kwa kupita miaka. Na hao waliotendewa hawajapita. Wako hai, wana majina, walikuja mahakamani kwa miguu yao. Aliyechelewa ni mdaiwa.

Lingine husemwa kwa sauti ya upole, hata kanisani: angalau walisomeshwa, wakabatizwa, wakapata maisha kuliko wenzao wa kijijini.

Kwanza, wenzao wa kijijini walisoma pia. Shule za misheni zilijaa watoto waliotoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni kwa mama zao. Hakuna alfabeti inayodai mama aondolewe kwanza. Pili, elimu hiyo isipimwe kwa tarehe ya kuanza tu, ipimwe pia kwa siku ya mwisho. Uhuru ulipokuja Juni 1960 na vurugu zikafuata, wazungu waliondoka na kuwaacha wasichana wa Katende nyuma, na mama hawa wameeleza mbele ya mahakama na mbele ya dunia jinsi walivyotendewa na wapiganaji waliokuja baadaye. Sitayarudia hapa, inatosha kusema kwamba mlezi aliyejitwalia mtoto kwa nguvu alimtupa siku mlezi anapohitajika zaidi. Kwa majirani zetu wa Rwanda, watoto wa nyumba ya Save, wapatao mia tatu, walipandishwa ndege kwenda Ubelgiji karibu na wakati wa uhuru, wakagawiwa familia za huko, ndugu wakitenganishwa na ndugu. Wengi wametafuta mama zao hadi uzeeni. Wengine wamefika kijijini wakakuta kaburi.

Mahakama haikulipa fedha kwa ajili ya shule mbaya au chakula kibaya. Ilisema fidia ni ya kupoteza uhusiano na mama, na ya kuumizwa kwa utambulisho wao na mazingira yao ya asili. Anayesema walipata maisha atuambie bei ya vitu hivyo viwili.

Kisha kuna hoja ya msamaha. Maaskofu wa Ubelgiji waliomba radhi mwaka 2017. Tarehe 4 Aprili 2019 waziri mkuu Charles Michel alisimama bungeni, akakiri ubaguzi uliowalenga watoto hawa na kunyakuliwa kwao kwa nguvu, akaomba msamaha kwa jina la serikali. Je, haikutosha?

Siudharau msamaha ule. Kuna wazee waliolia wakiusikia, na kazi ya kufungua nyaraka za serikali ili watu wapate kujua mama zao ni nani ilipata nguvu kutokana nao. Lakini mwaka mmoja tu baadaye mama watano walipopeleka madai yao, serikali ileile iliwatuma mawakili kwenda kusema kwamba haikutenda kosa. Kwetu, mtu akiua ng'ombe wa jirani, wazee hukaa, kosa hutajwa, na ng'ombe hulipwa. Radhi bila malipo huhesabiwa kuwa dharau. Yuro 50,000 ni kidogo mno kwa utoto mzima, na wanaolalamika kwamba hazina ya Ubelgiji itafilisika kwa madai mengine yanayokuja wanakiri bila kutaka kwamba walionyakuliwa ni wengi. Makadirio hutaja maelfu mengi katika Kongo, Rwanda na Burundi.

Nimefika kwenye neno la watu wetu. Mkulima wa Muheto, kwetu Masisi, anaweza kuniambia: hiyo ni kesi ya machotara waishio Ulaya, wamepata mahakama kwa kuwa wana damu ya wazungu. Sisi watoto wetu wanachukuliwa kila msimu na wenye bunduki, na hakuna jaji anayetuita.

Uchungu huo ni wa haki, lakini hitimisho lake silikubali. Masisi imo ndani ya historia hii. Tangu mwaka 1928 Kamati ya Taifa ya Kivu iligawa ardhi kwa walowezi, na vilima vyetu vikawa mashamba ya wazungu waliokaa miaka mingi katikati yetu. Kila mzee ajiulize kama hawakuacha watoto, na watoto hao walikwenda wapi.

Na kuhusu wenye bunduki, njia ipo, ingawa imejaa miiba. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inampa anayeingiza mtoto jeshini au katika kundi la silaha kifungo cha miaka 10 hadi 20. Tarehe 23 Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, aliyeitesa Walikale kwa miaka, kifungo cha maisha, na kuwatumikisha watoto kulikuwa mojawapo ya makosa yake. Sheria ya Desemba 2022 ikaunda mfuko wa taifa wa fidia kwa waathirika. Najua umbali uliopo kati ya sheria hizi na mama aliye kambini, hasa tangu waasi wa M23 walipoichukua Goma mwishoni mwa Januari 2025. Najua pia kwamba hukumu ya Brussels haimfungi jaji yeyote wa Kongo.

Hata hivyo inatufundisha jambo la kazi. Mama watano walishinda kwa ushuhuda wao, na kwa karatasi: barua za wakuu wa koloni, amri, madaftari, majina yaliyoandikwa na mkono uleule uliowanyakua. Makundi ya Masisi na Walikale hayaachi madaftari ya namna hiyo. Kwa hiyo ni sisi tutakaoyaandika: jina la mtoto, jina la mama na la baba, kijiji, siku aliyochukuliwa, nani alimwona mara ya mwisho, kundi gani, kamanda gani. Nakala moja parokiani, nyingine kwa mwanasheria, nyingine nje ya mkoa, na majina yafichwe na watu wanaojua kuficha, maana orodha ikiangukia mikono mibaya inaua. Walimu wanaweza kuanza na rejesta ya darasa, kwa kuandika pembeni ya kila jina lililoacha kuitikia ni kwa nini.